Namna bangi ilivyopimwa mpaka ikaitwa dawa

Kila mara redio inapotangaza kwamba nchi fulani imeruhusu bangi kwa matibabu, swali lile lile linarudi mitaani na katika kambi za wahami: kama kule wanawapa wagonjwa, mbona huku mtu anafungwa nayo? Lesotho ilianza kutoa vibali mwaka 2017. Jirani Rwanda iliweka kanuni zake mwaka 2021, ili bangi ya dawa ilimwe na kuuzwa nje. Mama mwenye mtoto wa kifafa, aliyekimbia vita mara mbili ama tatu na kuacha vidonge nyumbani, akisikia habari hiyo anaweza kufikiri msaada uko kwenye shamba la jirani.

Hauko pale. Ili kuelewa kwa nini, inafaa kurudi nyuma karibu miaka 200, hadi mji wa Calcutta nchini India.

Pale alifanya kazi daktari kijana kutoka Ireland, William Brooke O'Shaughnessy. Aliwaona Wahindi wakitumia bangi kwa maumivu, naye akataka kujua mwenyewe. Aliijaribu kwanza kwa wanyama, mbwa na hata samaki, ndipo akawapa wagonjwa dozi ndogo. Mwaka 1839 alitoa ripoti yake. Ndani yake kuna habari ya mtoto wa kike wa siku 40 aliyekuwa akishikwa na degedege mfululizo, na matibabu mengine yalikuwa yameshindwa. Alipewa matone ya bangi iliyoyeyushwa katika pombe. Alipona.

Habari ile ilifika Ulaya, na huko London mfamasia Peter Squire akaanza kutengeneza dawa kutokana na bangi aliyoletewa na O'Shaughnessy. Lakini ripoti ile ile ilikuwa na jambo la kutia wasiwasi. Wagonjwa 3 wa baridi yabisi walipewa kiasi kimoja cha utomvu wa bangi, na miili yao haikuitikia kwa namna moja. Shida hiyo iliwafuata madaktari kwa muda mrefu. Chupa moja ilimtuliza mgonjwa. Chupa iliyofuata haikufanya kitu, ama ilimfanya aweweseke usiku kucha. Dokta J. Russell Reynolds, aliyekuwa tabibu wa Malkia Victoria, aliisifu bangi sana, lakini mwaka 1890 aliandika kwamba nguvu yake inabadilika-badilika, kwa hiyo mgonjwa aanze na kiasi kidogo kabisa na kupandisha pole pole.

Kwa nini wanakemia hawakusaidia? Mimea mingine walikuwa wameiweza. Katika kasumba walitoa mofini. Katika ganda la mti wa kinkina, ambao watu wa Bukavu wanaufahamu vizuri, walitoa kinini tangu mwaka 1820. Vitu hivyo vinashikamana na asidi na kuganda kama chumvi, kwa hiyo vinaweza kuwekwa kwenye mzani. Kitu chenye nguvu katika bangi ni mafuta mazito yanayonata, hayagandi vizuri na hayayeyuki katika maji. Maabara za wakati ule hazikuwa na njia ya kuyatenga.

Basi wakawatumia mbwa. Kampuni ya dawa Parke-Davis ya mji wa Detroit, Marekani, ilikuwa inampa mbwa dawa na kuangalia kama anapepesuka. Akipepesuka, dawa ina nguvu. Asipopepesuka, haifai kuuzwa. Leo mtu anaweza kucheka, lakini mwaka 1916 kipimo hicho kiliingia katika kitabu rasmi cha dawa cha Marekani, na kwa wakati ule hakukuwa na kingine bora. Ubaya wake ni kwamba mbwa naye anatofautiana na mwenzake kama watu.

Hapa watu wengi wanasema ni sheria peke yake iliyoitoa bangi katika farmasi. Ni kweli, Marekani iliitungia sheria kali ya kodi mwaka 1937, na mwaka 1942 ikaifuta katika kitabu kile cha dawa. Lakini madaktari walikuwa wamekwisha kuanza kuiacha. Tangu mwaka 1912 kifafa kilikuwa na fenobarbitali, kidonge ambacho cha leo na cha kesho vina uzito mmoja. Daktari aliyepewa kuchagua kati ya kidonge kile na chupa isiyotabirika hakuhitaji polisi wa kumshauri.

Kongo nayo iliujua mmea huu mapema. Katika miaka ya 1880, Mjerumani Hermann von Wissmann alipopita Kasai aliwakuta watu wa chifu Kalamba wakijiita Bena Diamba, yaani watu wa bangi, waliovuta pamoja kama alama ya urafiki na amani. Lakini bangi ya mapatano ni jambo moja, na bangi ya kumpa mtoto anayetetemeka ni jambo jingine kabisa.

Fumbo lilifumbuliwa Israeli. Raphael Mechoulam, mwanakemia wa Taasisi ya Weizmann, alienda kuomba bangi kwa polisi, akapewa kilo 5 za utomvu uliokamatwa, akapanda nao basi kurudi kazini. Abiria waliuliza harufu ile inatoka wapi. Mwaka 1963 yeye na wenzake walieleza umbo la CBD, kitu ambacho hakileweshi, na mwaka 1964 walitenga THC, ile inayolewesha. Mke wake alioka keki, na marafiki 10 wakaalikwa. Watano walikula keki yenye miligramu 10 za THC, watano walikula keki tupu. Waliokula THC, kila mmoja alionyesha tabia yake: huyu alicheka, yule aliongea bila kusimama, mwingine alishikwa na hofu. Kiasi kilikuwa kimoja, lakini safari hii walijua kwa miligramu ni kiasi gani, na huo ndio mwanzo wa dozi.

Leo kazi ile inafanywa na mashine ya kromatografia. Maua ya bangi yanasagwa, yanaloweshwa katika pombe, na maji yake yanasukumwa ndani ya bomba jembamba lililojaa unga laini sana. Kila kitu kinapita kwa mwendo wake, kama wasafiri wa njia yenye matope: mwepesi anatoka mbele, mzito anachelewa. Mashine inaandika nani ametoka lini na kwa wingi gani. Jambo moja linawashangaza wengi: bangi mbichi ina THC kidogo sana. Ina asidi yake, nayo inageuka THC ikipata moto. Kwa hiyo jani lile lile likitafunwa, likichemshwa ama likivutwa ni dozi tatu tofauti. Hakuna jicho linaloweza kukisia hilo, hata la mkulima wa miaka 30.

Nguvu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni usalama. Jimbo la California liliruhusu bangi kwa wagonjwa mwaka 1996, na maabara ya kwanza ya biashara ilifunguliwa Oakland mwaka 2008, lakini sheria ya jimbo zima ya kulazimisha kupima ilianza kazi mwaka 2018. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wa chuo kikuu cha Davis walitangaza matokeo ya sampuli 20 kutoka maduka ya bangi ya dawa: walikuta fangasi na bakteria, pamoja na aina zinazoweza kumuua mgonjwa wa kansa ambaye kinga yake imeshuka. Sasa wanatafuta pia dawa za kuua wadudu, risasi, kadmiamu, zebaki na aflatoksini, sumu ile ile ya ukungu inayoharibu mahindi na karanga zilizohifadhiwa penye unyevu. Mmea huu unanyonya metali kutoka ardhini. Mwaka 1998 ndugu yake asiyelewesha alipandwa karibu na Chernobyl ili kusafisha udongo. Mtu anayeishi karibu na machimbo anaweza kufikiri mwenyewe.

Na maabara zinaweza kudanganya. Mwishoni mwa mwaka 2018 maabara moja ya Sacramento ilifunga kazi baada ya kugundulika kwamba kwa miezi kadhaa iliandika matokeo ya dawa 22 za wadudu bila kuzipima. Mwaka uliofuata watu wa Marekani walianza kufika hospitalini mapafu yakiwa yameharibika baada ya kuvuta mafuta ya THC katika sigara za umeme, mengi yakiwa ya magendo. Hadi Februari 2020 walihesabiwa wagonjwa 2,807, na kati yao 68 walikufa. Wapimaji walipochunguza majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51, waliikuta asetati ya vitamini E kwa 48. Ni mafuta ambayo wauzaji waliyatumia kuongezea bidhaa. Yanapakwa kwenye ngozi bila shida. Kwenye mapafu ni balaa.

Mwaka 2017 watafiti walinunua kwenye intaneti bidhaa 84 za CBD. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa juu ya chupa zilikuwa 26 tu. Na 18 zilikuwa na THC, hivyo mzazi aliyemnunulia mtoto wa kifafa angeweza kumlewesha bila kujua.

Juni 2018, Marekani iliidhinisha Epidiolex, CBD iliyosafishwa kwa ajili ya aina mbili ngumu za kifafa cha watoto, Dravet na Lennox-Gastaut. Degedege ya Calcutta ilirudi, miaka 179 baadaye, na chupa yenye namba: miligramu 100 kwa kila mililita. Mtoto anaanza na miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wake, mara mbili kwa siku, na ini lake linachunguzwa kwa damu kwa sababu dawa hii inaweza kuliumiza.

Kongo bado inaikataza bangi, na kifurushi kinachouzwa njiani hakina namba yoyote kati ya hizo. Kwenye vituo vya afya, dawa ya kifafa inayopatikana zaidi bado ni fenobarbitali, ile ya mwaka 1912, bei yake ndogo na miligramu zake zimeandikwa. Hatari yake kubwa kwa familia inayokimbia ni kuikatisha ghafla, kwani degedege zinaweza kurudi kwa nguvu na kufuatana bila kupumzika. Mzazi akiweza kushika kitu kimoja anapotoka nyumbani, ashike pakiti ya vidonge hata kama imekwisha: muuguzi wa kituo kipya atasoma pale jina la dawa na kiasi, na kuendelea kutoka hapo.