Hukou na Tija ya Kazi ya Kilimo nchini China

Hukou ni mfumo wa kuandikisha kaya nchini China, uliowekwa kisheria Januari 1958 na kuwagawa raia kuwa wa kilimo na wasio wa kilimo. Mwanakijiji hakuweza kuhamia mjini bila kibali, na hata akifika, kuponi za chakula walipewa wenye hukou ya mji tu. Mwaka 1978 kilimo kilishika takriban asilimia 70 ya wafanyakazi wote, ilhali kilitoa chini ya theluthi moja ya pato la taifa. Kosa halikuwa la mkulima. Mikono ikizidi katika shamba dogo lile lile, kila mkono wa ziada huongeza mavuno kidogo mno, na hakuna sababu ya kununua mashine.

Mwaka 1984 wakulima waliruhusiwa kukaa katika miji midogo kwa sharti la kujitafutia nafaka. Kufikia 2019, watu wa vijijini waliofanya kazi nje ya kilimo walikuwa milioni 290 hivi. Waliobaki walikodi mashamba ya walioondoka, na mashine za kuvuna zikaenea. Hata hivyo wengi walihofia kwamba kijiji kingegawa upya ardhi yao wakikawia kurudi, na hofu hiyo, isiyotajwa sana, ilizuia watu kama kibali chenyewe. Sheria ya ardhi ya 2002 iliipunguza.

Mgawanyo wa raia kuwa wa kilimo na wasio wa kilimo ulitangazwa kufutwa 2014, lakini Beijing na Shanghai bado zinabana utoaji wa hukou.