Torki si mkazo

Kwenye kijitabu kinachokuja na pikipiki mpya, karibu na kurasa za mwisho, kuna jedwali la nambari zinazofuatwa na herufi Nm, yaani newtoni-mita. Nambari hizo ni torki, na kila bolti ya maana ina yake. Gereji nyingi hazilifungui jedwali hilo kabisa. Fundi anakaza mpaka mkono umwambie basi, na mkono wa fundi mzoefu kweli hausemi uongo mara nyingi. Tatizo ni siku unaposema uongo: meno ya alumini kwenye injini yameliwa, oili inavuja, na mwenye bodaboda analipia kutoboa upya kwa sababu ya nati iliyokazwa bure.

Torki ni kani inayozungusha, ikizidishwa kwa urefu wa wenzo. Aliyesoma sayansi ya darasani anakumbuka wenzo na egemeo: hapa egemeo ni bolti yenyewe, na wenzo ni spana. Kilo moja inalemea takriban newtoni 10. Ning'iniza kilo 5 kwenye ncha ya spana ya sentimita 20 iliyolala sawasawa, utapata newtoni 50 mara mita 0.2, yaani newtoni-mita 10. Hiyo inaitosha bolti ya milimita 6, aina inayoshika vifuniko vya pembeni vya injini. Sasa chomeka bomba ili wenzo ufike mita nzima. Kilo zilezile 5 zinaleta newtoni-mita 50, na bolti ile itakuwa imekatika kabla hujafika huko.

Neno gani tulitumie? Wengine husema mkazo, na kifaa wakakiita spana ya mkazo. Linasikika vizuri, lakini linadanganya. Bolti iliyokazwa huvutika kidogo kama spring, na kule kutaka kwake kurudi ndiko kunakobana vipande viwili pamoja. Huo ndio mkazo, nao spana haiuoni. Spana inapima jinsi ilivyo vigumu kuzungusha, na ugumu huo kwa sehemu kubwa ni msuguano: karibu nusu unapotelea chini ya kichwa cha bolti, karibu asilimia 40 kwenye meno, na takriban asilimia 10 tu ndiyo inayovuta bolti. Pakaza oili kwenye meno ambayo kijitabu kilitaka yawe makavu, na msuguano ukapungua, basi nambari ileile kwenye spana itavuta bolti kupita kiasi. Aliyeamini kwamba anapima mkazo hatajua kwa nini imekatika naye kafuata jedwali. Kinyume chake, meno yenye kutu au mchanga hula sehemu kubwa zaidi ya torki na kuiacha bolti imelegea, ingawa spana imeridhika.

Kani ya msokoto nayo imependekezwa. Ni Kiswahili kizuri, ila kani hupimwa kwa newtoni peke yake, bila mita. Na msokoto ni hali ya kitu kilichopindishwa kwa kuzungushwa, kama ekseli au kamba. Mimi nashika torki, na kifaa nakiita spana ya torki. Ni neno la kukopa, sawa, lakini spana, nati na bolti nazo tulizikopa, na hakuna anayezionea haya.

Ukishaelewa kwamba kinachopimwa ni kuzungusha, kuchagua spana ya bei nafuu kunakuwa rahisi. Bei si swali la kwanza. Tazama nambari ya chini kabisa na ya juu kabisa. Spana rahisi zilizojaa madukani ni za magari, zenye kichwa cha nusu inchi, na nyingi huanzia kama newtoni-mita 28 hadi 210. Kwa pikipiki ya cc 100 au 150 hiyo ni spana ya nati za ekseli na kazi nyingine chache nzito. Plagi yenye meno ya milimita 10 inataka 10 hadi 12, na ya milimita 12 inataka 15 hadi 20. Nati ya kumwagia oili mara nyingi iko kati ya 20 na 30. Zote hizo ziko chini ya pale spana ya gari inapoanzia, au mwanzoni kabisa mwa kipimo chake, ambako haiaminiki. Usiiamini spana ya torki katika sehemu ya tano ya chini ya kipimo chake.

Soma pia kizio. Vitabu vingine huandika kwa kilo-mita, na moja ni newtoni-mita 9.8; spana nyingine zimechorwa kwa futi-pauni, na moja ni 1.36. Anayesoma 20 za futi-pauni akidhani ni newtoni-mita amekaza 27.

Spana inayolia "ka" ndiyo wengi huitaka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinairuhusu ikosee kwa asilimia 4 tu ikiwa kipimo chake kinapita 10. Mlio wake kwenye nambari ndogo ni hafifu, na penye kelele ya barabara utaukosa. Ukiendelea kuvuta baada ya mlio, spana haikuzuii. Ukimaliza kazi irudishe kwenye nambari yake ya chini kabisa ili spring ipumzike, na usifungulie nati kwayo. Ile ya mshale, chuma kinachopinda huku mshale ukionyesha nambari, haina spring ya kuchoka, na kwa fundi mwenye mfuko mwembamba naiona bora.

Ile inayolia ipime mwenyewe kabla ya kuiamini. Bana kichwa chake kwenye jiliwa, spana ikilala sawasawa, kisha fungia dumu la maji la lita 5 kwenye katikati ya mpini. Kama kamba iko sentimita 40 kutoka katikati ya kichwa, torki ni karibu 20, na uzito wa spana yenyewe huongeza kidogo. Ikiwekwa kwenye 18 lazima ilie; kwenye 25 isilie.

Kama unanunua moja tu, chukua yenye kichwa cha inchi 3/8 na kipimo cha 5 hadi 60, ukijua kwamba bolti ndogo za 10 zitaangukia ile sehemu yake ya chini isiyoaminika sana. Nati ya ekseli ya nyuma ikitaka zaidi ya hapo, azima ya jirani mwenye gereji ya magari.