Jumuiya ya Mkondo Mmoja: Walimu wa Sekondari Kujifunza kwa Pamoja katika Delta ya Rufiji

Aghalabu tunapozungumza juu ya kumwendeleza mwalimu kazini, fikra zetu hukimbilia semina: mkufunzi atokaye mbali, daftari jipya, na siku tatu za kuketi ukumbini. Dai la makala haya ni kwamba elimu yenye nguvu zaidi ya kumgeuza mwalimu huzaliwa pale amfunguliapo mwenziwe mlango wa darasa lake, akaridhia kuonekana akikosea. Na kwamba katika wilaya ya Kibiti, upande wa delta, jambo hilo halitatimia mpaka ratiba za ofisini zijifunze kufuata maji.

Njia ya ukumbini ina historia yake. Huko Kenya, mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani ili kuimarisha hisabati na sayansi katika sekondari, uliwafundisha wakufunzi wa taifa, nao wakawafundisha wa wilaya, nao wakawafikia walimu. Utaratibu huo ulifaa kuwafikia wengi, ila kila ngazi yake humweka mkufunzi mbali zaidi na mwanafunzi. Ilhali Wajapani wenyewe, tangu karne ya 19, wana desturi nyingine shuleni mwao: walimu huandaa somo kwa shauri moja, mmoja akalifundisha, wengine wakatazama jinsi wanafunzi wanavyofikiri, kisha wote wakaketi kulipima. Tanzania nayo, kwa mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, imekiri kwamba makao ya mafunzo ni shuleni, katika jumuiya za walimu.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa hisabati wa Kidato cha Kwanza aandika ubaoni 2 − (−3), na nusu ya darasa wajibu −1. Yeye ahukumu kuwa ni uzembe. Mwenziwe wa jiografia, aliyeketi nyuma, aona jambo jingine: kwa watoto hao alama ile ni amri ya kutoa tu, wala hawajaijua kuwa yaweza kutaja mahali, chini ya sifuri. Siku ya pili wasimika mti ukingoni mwa mkondo, waupiga alama za chokaa juu na chini ya sifuri, na watoto waliolelewa na maji kujaa na kupwa wahesabu kutoka alama ya 3 chini hadi ya 2 juu: hatua 5. Kosa lile lilikuwamo katika daftari la mtoto, nalo lilihitaji macho ya pili.

Lakini delta ina sharti lake. Katika kata kama Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni, makazi hutengwa na mikono ya mto na misitu ya mikoko, na shule yenye mwalimu mmoja wa hisabati haiwezi kuunda jumuiya ya somo hilo peke yake. Kwa hiyo ni aula jumuiya ihesabiwe kwa mkondo, na siku zake zichaguliwe kwa mwezi wa mbinguni, kwa kuwa wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hujaa hata mashua ikapita katika vijito ambavyo siku za maji mafu havipitiki kwa wepesi. Apangaye kikao pasipo kumwuliza nahodha amewapangia walimu tope.

Watakuwapo wa kusema kwamba mwalimu amekwisha kuelemewa na madarasa yaliyofurika, na kwamba nauli ya mashua hutoka mfukoni mwake. Hoja hiyo ni ya haki, na jawabu lake ni la kiserikali: vipindi vya jumuiya viandikwe ndani ya ratiba, nauli iingie katika bajeti, na lionekanalo darasani lisiingizwe katika faili la kumpima mtumishi, madhali hakuna afunguaye mlango kwa hakimu.

Mkulima wa mpunga wa bonde la Rufiji hukesha katika dungu lake, na nguruwe waingiapo shambani hupiga ukelele, jirani wa dungu la pili akamwitikia. Hakuna amwitaye mzembe kwa kuita. Mwalimu wa kisiwani naye astahili jirani wa kumwitikia.