Upishi wa Kihindi wa nyumbani: namna ya kuuanza na maharagi ya Likasi

Kwenye nyumba nyingi za Kakontwe, huku Likasi, maharagi njo mboga ya siku ile nyama imeshindikana. Yanatokoswa kwenye mbabula, yanatiwa chumvi, mafuta, tomate na kitunguu, kisha yanaliwa na bukari ao wali. Huko Punjab, kaskazini ya India, jamaa nyingi zinapika maharagi mekundu na kuyala na wali. Wanayaita rajma. Vitu vinavyoingia kwenye sufuria vinakaribiana sana na vya Likasi. Tofauti kubwa iko kwenye mpango wa kazi: nini inaingia kwenye mafuta kwanza, nini inafuata, na mpishi anangojea kuona ao kusikia nini mbele ya kuendelea.

Jambo hilo lina faida kwa mwenye mfuko mudogo. Wahindu wengi na Wajaini wote wanaofuata dini yao hawali nyama. Kwa hiyo, kwa miaka mingi sana, jiko la India limejifunza kufanya maharagi, dengu na mbaazi kuwa chakula ambacho mtu anakitamani, hata siku ile pesa ya nyama ipo. Tena maharagi yakiliwa pamoja na nafaka kama wali, mahindi ao ngano, yanapatia mwili protini inayotimilika vizuri zaidi.

Njia iliyopitia

Wafanyabiashara wa Gujarat walifika pwani ya Afrika mashariki karne nyingi mbele ya wakoloni. Mwaka 1896, Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Walileta zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka India. Reli ilifika ziwani mwaka 1901. Karibu wafanyakazi 2,500 walikufa kwenye kazi hiyo, wengi walirudi kwao, na elfu kadhaa walibaki. Wao na wafanyabiashara wengine walieneza maduka ndani ya nchi, na chakula chao kikafuata.

Alama zake ziko kwenye lugha yenyewe: duka, chai, chapati, kachumbari na achari ni maneno yaliyopitia kwa Wahindi. Leo chapati inauzwa Goma, Bukavu na miji mingine ya mashariki, na hakuna mutu anayeiona kama chakula cha wageni.

Likasi yenyewe, wakati ule ikiitwa Jadotville, iliona Wahindi kwa sababu ingine: tarehe 3 Januari 1963, askari wa India waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliingia mjini, wakati wa kumaliza vita vya kujitenga kwa Katanga.

"Ya kweli" maana yake nini?

Watu wengi wanafikiri kwamba chakula cha Kihindi cha kweli kinaomba unga wa manjano ulioandikwa "curry" kwenye kopo. Unga huo ulianza kuuzwa London katika karne ya 18, kwa Waingereza waliotaka ladha ya India kwa haraka. Kwa desturi ya nyumba za India, kila mboga inachanganyiwa viungo vyake, na namna ya kuchanganya inabadilika toka jimbo moja mpaka lingine.

Hata tomate, pilipili, viazi na maharagi mekundu hayakutoka India. Yalitoka Amerika, na yalifika huko kisha Wareno kufungua njia ya bahari. Wahindi waliyapokea, wakayapika kwa namna yao. Jambo kama hilo lilitokea tena kwa Wahindi wa Uganda. Mwaka 1972, Idi Amin aliwapa siku 90 waondoke. Wengi walienda Uingereza, zaidi sana mji wa Leicester. Wahindi wa Afrika mashariki walioenda huko walikuwa wamezoea kula muhogo, na mpaka leo wanaupika na pilipili na kuuita "mogo". Mutu wa Kakontwe anayetumia vitu vya soko lake hadanganyi mapishi. Anafanya kile ambacho Wahindi wenyewe wamefanya kila pahali walipofika.

Kufundisha bila kipimo

Mama wa Kihindi, sawa na mama wa Katanga, mara nyingi hana kipimo. Wahindi wanasema anapika kwa *andaza*, yaani kwa makadirio ya jicho na mukono. Njo maana watoto wanaoondoka nyumbani mapema wanajikuta hawajui kitu. Madhur Jaffrey, aliyezaliwa Delhi mwaka 1933, alienda London kusoma kazi ya maigizo, na hakujua kupika. Alimwandikia mama yake, na mama akamfundisha kwa barua. Mwaka 1973 alitoa kitabu chake cha kwanza cha mapishi, na mwaka 1982 televisheni ya BBC ilimpa vipindi vya kufundisha Waingereza.

Anayefundisha vizuri anamwonyesha mwanafunzi alama, hata kama hana saa wala mizani. Kwa rajma, alama ni nne: mbegu za jira zinalia ndani ya mafuta, kitunguu kinageuka rangi ya kahawia, harufu kali ya tangawizi mbichi inaisha, na mafuta yanajitenga pembeni ya tomate.

Rajma kwenye mbabula

Kwa watu 5 ao 6 inaomba: vikombe 2 vya maharagi mekundu, vitunguu 2, tomate 4, vitunguu saumu punje 4, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, mafuta vijiko 3 vikubwa, jira (wengine wanaiita kumini) kijiko 1 kidogo, manjano nusu kijiko kidogo, giligilani ya kusagwa kijiko 1 kidogo, pilipili na chumvi.

Maharagi yanalala ndani ya maji usiku muzima. Hiyo inapunguza makala. Asubuhi maji yale yanamwagwa, maharagi yanatiwa maji mapya na kuchemka kwa nguvu angalau dakika 10, kisha yanaendelea mpaka yalainike kabisa. Maharagi mekundu yasiyoiva yanatapisha na kuumiza tumbo.

Kwenye sufuria ingine, mafuta yanapata moto, jira inaingia. Ikilia, kitunguu kilichokatwa kidogo-kidogo kinafuata, na kinaachwa dakika 10 mpaka 15. Hapa wanafunzi wengi wanaharakisha, na mboga inakosa ladha. Kinafuata kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kisha tomate, manjano, giligilani, pilipili na chumvi. Mafuta yakijitenga, maharagi yanaingia na maji yake kidogo. Mpishi anaponda machache kwa kijiko ili muchuzi uwe muzito, na anaacha moto mudogo kwa dakika 20 ao 30.

Kuangalia wakati wa kununua

Viungo vya unga vinaweza kuchanganywa na vitu vibaya. Huko Bangladesh, mwaka 2019, watafiti walionyesha kwamba manjano ilikuwa inatiwa rangi yenye risasi ili ing'ae. Risasi inaharibu ubongo wa watoto. Serikali ilifuatilia masoko, na hali ikabadilika sana. Manjano inayong'aa kupita kiasi inafaa kuogopwa, na mutu akipata mizizi mizima, ni vizuri zaidi aikaushe na kuitwanga mwenyewe. Jira na giligilani nzima pia zinalinda harufu kwa muda mrefu kuliko unga.

Kwa kula, wali ao chapati njo desturi, na mukono wa kuume njo kijiko. Bukari pia inafaa, kwa sababu muchuzi ni muzito na unashikamana nayo. Kinachobaki kinaliwa asubuhi inayofuata, na wapishi wengi wa Punjab wanasema siku hiyo ya pili rajma inakuwa tamu zaidi. Inapashwa na maji kidogo tu, mpaka ichemke vizuri.