Beni – Mulekera: namna ya kufikia nyaya zilizofichika ndani ya kabini ya kamyo

Kwa shofere anayeleta mizigo kutoka Mombasa hadi Beni, kabini ya kamyo ni ofisi, ni jiko na ni chumba cha kulala. Njia inapita Nairobi, Kampala na Mpondwe, kisha inavuka mupaka ku Kasindi na kufuata barabara ya taifa namba 4 hadi mjini: zaidi ya kilometa 1500. Pa mupaka kamyo inaweza kungoja siku kadhaa mbele ya karatasi za forodha kumalizika.

Ndiyo maana wenye kamyo wanaomba umeme uongezwe mu kabini: taa za kushete, friji ndogo, televizyo, mahali pa kuchaji simu. Kazi hiyo inafanyika ku magaraji mengi ya mashariki mwa Congo, na tarafa ya Mulekera, moja kati ya tarafa nne za mji wa Beni pamoja na Beu, Bungulu na Ruwenzori, haiko mbali na hayo. Shida ni moja: nyaya za kiwanda zimefichwa nyuma ya plastiki, kitambaa na zulia. Mufundi asiyejua zinapita wapi anaweza kutoboa waya, na shofere ataona matokeo siku nyingine, usiku, katikati ya njia.

Nyaya zinapita wapi?

Kamyo zinatofautiana, lakini nyaya zinafuata karibu njia zile zile.

– Nyuma ya tablo ya mbele. Hapo ndipo kuna boksi ya fuzi, ambazo wengi wanaita fizible, na vifungo vingi vya nyaya. Mara nyingi boksi hiyo iko upande wa abiria, chini ya kifuniko kinachofunguka kwa mkono.

– Ndani ya nguzo za pembeni ya kioo na za milango. Nyaya za taa za juu na za redio ya dari zinapanda humo. Plastiki ya nguzo inashikwa na visi moja au mbili zilizofichwa chini ya vifuniko vidogo, pamoja na vibanio.

– Chini ya zulia, kando ya mlango. Ukitoa ukanda wa plastiki unaokanyagwa wakati wa kupanda, utaona nyaya zinazoenda nyuma.

– Ukutani nyuma ya kushete, na chini ya godoro, ambako kuna masanduku ya vyombo.

– Chini ya kabini yenyewe. Kabini za kamyo nyingi zinainamishwa mbele ili mufundi afikie motere. Nyaya zinazotoka ku shasi na batri zinapita karibu na bawaba. Waya mpya lazima uachiwe urefu wa ziada pale. Ukivutwa ukakazwa, siku kabini inainamishwa utakatika, ao ngozi yake itachunika polepole mpaka uguse chuma.

Mbele ya kufungua chochote

Hatua ya kwanza ni kutenganisha batri. Unaanza na waya wa hasi, na wakati wa kurudisha, hasi inakuwa ya mwisho. Sababu ni rahisi: shasi yote imeunganishwa na hasi. Kama hasi bado iko na ufunguo wa chuma unagusa chanya na shasi kwa wakati mmoja, moto unaruka pale pale.

Hatua ya pili ni kujua nyaya za kutogusa. Vifungo vya rangi ya njano chini ya usukani na mu tablo mara nyingi ni vya mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali. Nyaya za breki za ABS na za kompyuta ya motere nazo si mahali pa kuchukua umeme wa televizyo. Mufundi anayekamata chanya ya kwanza anayoiona, kisha anafunga na skochi, anaweza kumwachia shofere taa ya hatari inayowaka ku tablo bila mtu kujua inatoka wapi.

Kufungua bila kuvunja

Plastiki ya kabini haivutwi kwa nguvu. Kwanza tafuta visi zote, hata zile za chini ya vifuniko na nyuma ya mikono ya kushikilia. Kisha ingiza kipande cha plastiki ngumu pembeni ya kibanio na kukisukuma. Bisibisi ya chuma inaacha alama na inaweza kukata waya nyuma. Asubuhi ya baridi plastiki ya zamani inavunjika upesi, heri kungoja jua liipashe.

Mara nyingi si lazima kutoa dari yote. Ukitoa taa ya dari, unapata tundu la kutazamia kwa tochi ya simu. Waya mpya unavutwa kwa kutumia waya mgumu mwembamba, ao kamba yenye uzito mdogo inayoangushwa ndani ya nguzo. Kama kuna waya wa zamani usiofanya kazi tena, unafunga ule mpya ku mwisho wake na kuvuta upande wa pili. Ila kwanza hakikisha kwa multimita kwamba ule wa zamani umekufa kweli: rudisha batri kwa muda, washa taa na vyombo vyote, upime, kisha tenganisha tena.

Hakuna kutoboa bila kujua kuna nini nyuma. Ukuta wa kabini ni mwembamba. Msumari wa sentimeta 3 uliowekwa ili kutundika televizyo unatosha kupita katikati ya kifungo cha nyaya. Na kila tundu kwenye chuma lazima liwekwe mpira, kwani mtikisiko wa barabara unageuza ukingo wa chuma kuwa msumeno.

Volti 24, si 12

Kamyo kubwa ziko na batri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa ili kutoa volti 24. Redio na chaji nyingi zinazouzwa sokoni ni za volti 12. Kosa linaloonekana sana ni kuchukua volti 12 katikati, ku batri moja. Chombo kinafanya kazi, na mwenye kamyo anafurahi. Lakini batri hiyo inaishiwa peke yake. Altenateri inatoa karibu volti 28 kwa batri zote mbili. Ile dhaifu inapata pungufu na ile nzima inapata kupita kiasi, inachemsha maji yake. Baada ya muda zote mbili zinakufa. Dawa ni chombo cha kushusha volti kutoka 24 hadi 12, kinachochukua umeme ku batri zote mbili.

Unene wa waya na fuzi

Konvertisere, chombo kinachogeuza umeme wa batri kuwa wa volti 220, ndicho kinachounguza kabini nyingi. Konvertisere ya wati 1000 ikifanya kazi kwa nguvu yote kwenye volti 24 inavuta karibu ampea 50, ukihesabu na kinachopotea ndani yake. Tuseme iko metre 3 kutoka ku batri, yaani metre 6 za waya kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimeta mraba 2.5, volti 2 zinapotea njiani na waya wenyewe unatoa joto la wati 100, kama balbu ya zamani iliyofichwa nyuma ya godoro. Kwa waya wa milimeta mraba 16, kinachopotea ni karibu theluthi moja ya volti.

Fuzi inawekwa karibu sana na batri, si karibu na chombo. Kazi yake ni kulinda waya. Waya ukichunika kati ya batri na fuzi, hakuna kitu kitakachozima moto huo. Na fuzi iliyoungua hairudishwi kwa kipande cha waya ao karatasi ya sigara. Ikiungua tena, inaeleza kwamba kuna kosa mahali.

Hesabu ya usiku

Friji ndogo inayovuta ampea 2.5 na kufanya kazi nusu ya muda inakula ampea-saa 30 kwa siku. Siku tatu pa mupaka, motere ikiwa imezimwa, ni 90. Batri za ampea-saa 150 zikipungua hivyo zinaweza kukataa kuwasha motere. Kwa wanaopita barabara za Beni, ambako usalama ni wa wasiwasi, kamyo isiyowaka jioni si jambo dogo. Afazali kuweka batri ya pembeni kwa vyombo vya kabini, ao kifaa kinachokata umeme volti zikishuka, ili zile za kuwasha motere zibaki salama.

Kumaliza kazi

Mbele ya kurudisha plastiki, washa kila kitu kwa nusu saa, kisha gusa nyaya na fuzi kwa mkono. Waya wa moto ni waya mwembamba, ao kiungo kibaya. Inamisha kabini mara moja na kuangalia kama hakuna kinachovutwa.

Mwisho, mufundi achore njia ya nyaya mpya, fuzi ziko wapi na za ampea ngapi. Karatasi hiyo ibaki mu kabini, pamoja na zile za kamyo. Kamyo ikiharibika ku Kasese ao Eldoret, mufundi wa kule hatakuwa na haja ya kupasua dari ili kujua kilichofanywa Mulekera.