Meli za Navy Zikizeeka, Hubadilishwa Aje?

Kama wewe hupanda mat ya 46 ya Kawangware ama 8 ya Kibera, hii hesabu unaijua: gari imechoka, unaitengeneza ama unatafuta ingine? Navy ya Kenya, iliyoanza Disemba 1964 na base yake iko Mtongwe, Mombasa, hupiga hesabu hiyo hiyo. Shida ni kuwa meli ya kivita hauipati kwa yadi. Mara nyingi lazima iundwe.

Nyambizi Kenya hatuna. Tuna meli za doria, na njia ni mbili.

Kutengeneza: KNS Nyayo na KNS Umoja ziliundwa Uingereza, zikafika Mombasa 1988. Zaidi ya miaka 20 baadaye zilipelekwa garage Italia, zikarudi 2011.

Kununua: KNS Jasiri iliagizwa Uhispania 2003. Maswali ya ufisadi yakaingia, meli ikakwama huko, na ikafika Mombasa 2012. Hiyo ni miaka 9, msee.

Ukichelewa unabaki na pengo. Afrika Kusini ilistaafisha nyambizi yake ya mwisho ya Kifaransa 2003, na ile ya kwanza kutoka Ujerumani ikafika nyumbani 2006.

So ukiskia Kenya inaagiza meli, uliza vitu tatu: ni doh ngapi, inafika lini, na ya zamani itashikilia hadi lini? Hiyo ni kodi yako, hata ile unakatwa ukinunua kredo.