Vumi la Ngozi, Vumi la Waya: Gitaa la Besi la Kujitengenezea Pwani ya Mtwara

Penye ngoma za pwani, chapuo ndiyo inayosikika kwanza, kali na yenye maneno mengi. Lakini anayeishikilia ngoma isimwagike ni vumi, lenye sauti ya chini inayoingia kifuani kabla ya kufika sikioni. Kijana wa Mikindani au Msimbati anayechonga gitaa la besi nyumbani kwao leo anatafuta sauti hiyohiyo. Mbao anazo. Kinachomsumbua ni kipande kidogo cha sumaku na shaba kinachokaa chini ya nyuzi, ambacho wapiga gitaa hukiita pikapu, pamoja na nyaya zinazokiunganisha na amplifaya.

Bendi zetu za dansi hazikuficha asili yao. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, iliuita mtindo wake Msondo, jina la ile ngoma ndefu ya kusimama. Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, ikachukua Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Humo ndani kazi ya vumi alikabidhiwa mpiga besi. Lakini gitaa lenyewe mara nyingi lilikuwa mali ya mwajiri: chama cha wafanyakazi, jeshi, shirika la umma. Mwanamuziki akihama bendi, chombo kilibaki. Naamini hiyo ni sababu kubwa ya sisi kuwa na vizazi vya wapiga besi hodari ambao wengi wao hawakuwahi kufungua kifuniko kuona kilichomo.

Kilichomo si kigumu. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikichezeshwa karibu na koili, umeme huzaliwa. Katika gitaa, uzi wa chuma hutetemeka juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na mtetemo ule hugeuka umeme hafifu unaokwenda kukuzwa. Rickenbacker wa Marekani walifanikiwa kwa gitaa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Paul Tutmarc wa Seattle alitengeneza besi ya umeme mwaka 1936, haikupata wanunuzi wengi. Iliyoenea ni ile ya Leo Fender ya mwaka 1951, Precision Bass, yenye pikapu moja ya koili moja.

Hapo ndipo fundi wa Mtwara anapaswa kutulia na kufikiri, maana koili moja ina kasoro ambayo kwetu inauma zaidi kuliko kwa Wamarekani. Koili hainasi uzi peke yake. Hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumba. Umeme wa Marekani hutetemeka mara 60 kwa sekunde. Wetu ni mara 50. Sasa, uzi mnene wa besi ukiachwa wazi hutoa noti ya E, mitetemo kama 41 kwa sekunde. Ukibanwa kwenye kituo cha tatu hutoa G, mitetemo 49. Yaani mvumo wa nguzo ya umeme unakaa ubavuni mwa G yetu ya chini, bila kulingana nayo kabisa. Mpiga besi akipiga noti hiyo kwa koili moja kwenye ukumbi wenye nyaya mbovu, mavumi mawili yanagombana ndani ya spika, na msikilizaji anadhani gitaa halijatuniwa.

Dawa ilipatikana mwaka 1957, Fender alipoigawa pikapu ya Precision vipande viwili. Kila kipande hunasa nyuzi mbili. Koili zake zimeunganishwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa, hivyo mvumo wa nje unaoingia pande zote mbili hujifuta, na sauti ya uzi hubaki. Jazz Bass ya 1960 ina pikapu mbili zinazofanya hivyo pia, ila zikifunguliwa zote kwa kiwango kimoja tu. Ukipunguza mojawapo, mvumo unarudi. Kwa pwani hii, kwa besi ya kwanza, ningechagua ile ya vipande viwili bila kusita.

Na kama hakuna ya kununua? Mawangu Mingiedi na wenzake wa Konono N°1 wa Kinshasa walizitia likembe zao umeme kwa sumaku na shaba za vyuma chakavu vya magari, na dunia nzima ikaja kuwasikiliza baada ya albamu ya Congotronics ya mwaka 2004. Likembe ni ndugu wa ilimba ya Wagogo. Fundi wa kusuka mota anayo tayari mikono ya kazi hii. Anachohitaji ni waya mwembamba zaidi kuliko aliouzoea, kama milimita 0.06, na subira ya kuuzungusha karibu mara 10,000 bila kuukata. Koili ikikamilika ichovywe kwenye nta iliyoyeyushwa, ili waya usichezecheze na kupiga kelele amplifaya inapofunguliwa sana.

Nyaya ni chache: kitufe cha sauti cha kiloohmu 250, kingine kama hicho cha kupunguza ukali, kapasita ya mikrofaradi 0.047, na tundu la kuchomekea waya wa amplifaya. Magitaa yenye saketi ya betri yalienea baada ya besi iitwayo StingRay ya mwaka 1976 na yana nguvu, lakini betri huisha katikati ya harusi, na kila kiungo cha ziada ni mlango wa chumvi ya bahari. Lehemu vizuri, na ufunike shimo la nyaya kwa karatasi ya shaba. Waya wa ethi ufike kwenye chuma kinachoshikilia nyuzi. Kisha hakikisha amplifaya na soketi ya nyumbani zina ethi ya kweli, kwa sababu waya huohuo unaonyamazisha mvumo unaweza kumpiga mtu shoti mbaya kama amplifaya ni mbovu.

Kuhusu mbao sina mengi. Mninga kwa kiwiliwili, mpingo kwa ubao wa vidole: mti uleule ambao Wamakonde wanauchonga na ambao Ulaya hutengenezea klarineti.

Ombi langu ni kwa wenye magitaa mabovu ya bendi za zamani, Mtwara, Lindi na kwingineko. Kabla ya kuyapeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, fungua kifuniko, piga picha, weka mita kwenye ncha za koili uandike ohmu zake. Pikapu ya Precision iliyo nzima husoma karibu kiloohmu 10 au 11. Koili iliyokatika, mpelekee fundi wa mota aihesabu mizunguko anapoifungua.